Hesabu ya Kura na Hesabu ya Gunia: Waandishi wa Safu za Siasa na Mjadala wa Uchumi katika Bonde la Ufa la Kati



Nawasilisha mada hii hapa Nakuru. Nitasema kwa uwazi, kisha nitawaachia hoja tuzijadili.

1. Utangulizi

Mwandishi wa safu hapigiwi kura wala hana ofisi ya umma. Hata hivyo, kila wiki anasaidia kuamua nchi itabishana kuhusu nini. Mwanahabari wa kawaida hutuambia kilichotokea. Mwandishi wa safu hutuambia kina maana gani, nani alaumiwe na nini kifuatie. Maneno yake husomwa asubuhi katika vipindi vya redio vya kupitia magazeti, hurushwa katika makundi ya WhatsApp, hurudiwa na mbunge jukwaani, na kufikia jioni yanasemwa kinyozini na kwenye stendi ya matatu na mtu ambaye hajawahi kulishika gazeti lenyewe. Hivyo ndivyo maoni ya mtu mmoja yanavyogeuka kuwa jambo ambalo "kila mtu anajua".

Katika Bonde la Ufa la Kati, siasa na uchumi havijawahi kutengana. Nikitaja eneo hili nina maana ya Nakuru, Naivasha, Gilgil, Njoro, Molo na Kuresoi, pamoja na majirani zetu wa Nyandarua, Baringo na Kericho. Huku ardhi ni siasa, barabara ni siasa, na bei ya mahindi ni siasa. Lakini safu nyingi za siasa zimezoea hesabu moja tu, hesabu ya kura: jamii ipi ikiungana na ipi itapata wangapi, na nani atamrithi nani. Hesabu ya pili, ninayoiita hesabu ya gunia, huulizia gharama ya kulima ekari moja, bei ya shambani, ushuru wa njiani na faida inayobaki mkononi mwa mkulima. Hiyo imesukumwa kurasa za ndani.

Hoja yangu ni hii: mwandishi wa safu hulisaidia taifa pale anapoweka mezani hesabu ambayo msomaji anaweza kuirudia mwenyewe na kuipinga, na pale anapotaja waziwazi maslahi aliyo nayo. Asipofanya hivyo, athari yake bado huwa kubwa, ila gharama hulipwa na watu wa huku.

2. Wakati Nakuru ilipokuwa na jarida lake

Tumezoea kuamini kwamba maoni ya kisiasa hutoka Nairobi. Historia inasema vingine. Wakati wa ukoloni, jarida la kila wiki lililobeba sauti ya walowezi, Kenya Weekly News, lilichapishwa hapahapa Nakuru. Mhariri wake Mervyn Hill ndiye pia aliyeandika historia ya reli ya Kenya na Uganda pamoja na historia ya Kenya Co-operative Creameries, chama cha maziwa kilichoanzia Naivasha mwaka 1925. Haikuwa sadfa. Nakuru ilikuwa makao ya Kenya Farmers' Association na mji wa biashara ya mahindi, ngano na maziwa. Lord Delamere, kiongozi wa walowezi aliyefariki mwaka 1931, alikuwa na mashamba Njoro na Soysambu.

Tunapaswa kukiri jambo moja kuhusu waandishi wale: walizijua hesabu za gunia. Walijua nauli ya reli, bei ya siagi na gharama ya kulima mahindi, na hoja zao za kisiasa walizijenga juu ya takwimu hizo. Walowezi walikuwa na vyama na wajumbe katika Baraza la Kutunga Sheria, na walikuwa na jarida lililoeleza madai yao kwa lugha ya uchumi. Mwaka 1942, katikati ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuongeza uzalishaji iliyowahakikishia bei na kipato. Sisemi kwamba jarida moja lilileta sheria hiyo. Nasema kwamba jamii iliyoweza kuandika madai yake kwa hesabu kila wiki ilifika mezani ikiwa imejiandaa.

Lakini hesabu ile ilikuwa na pengo kubwa. Skwota, yaani mfanyakazi Mwafrika aliyeishi katika mashamba hayohayo, alihesabiwa kama gharama ya kazi. Sheria ya mwaka 1937 kuhusu wafanyakazi wakazi wa mashambani iliyapa mabaraza ya wilaya ya walowezi uwezo wa kupunguza mifugo ya skwota na kumwongezea siku za kazi. Kuhamishwa kwa familia kutoka Olenguruone mwishoni mwa miaka ya 1940 kulikuwa tukio la kiuchumi sawa na lilivyokuwa la kisiasa. Familia hizo hazikuwa na safu katika jarida la Nakuru. Sauti yao ilitafuta njia nyingine, hasa magazeti ya lugha za Kiafrika kama Mumenyereri la Henry Muoria, lililoanza mwaka 1945 na kupigwa marufuku mwaka 1952 hali ya hatari ilipotangazwa.

Kwa hiyo funzo la kwanza lina pande mbili. Hesabu humpa mwandishi nguvu. Na hesabu inayofanywa na upande mmoja pekee, hata ikiwa sahihi kwa tarakimu, inaweza kuwa dhuluma iliyopangwa vizuri.

3. Baada ya uhuru: maswali makubwa na milango iliyofungwa

Miaka ya kwanza ya uhuru ilianza kwa mjadala wa kweli wa uchumi. Mwaka 1965 serikali ilitoa Waraka wa Bunge Nambari 10 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika, Tom Mboya akiwa waziri wa mipango ya uchumi. Waraka huo ulisema fedha za maendeleo ziwekezwe pale zitakapoongeza uzalishaji zaidi. Julai mwaka huohuo, mchumi Barack Obama Mkubwa, baba wa Barack Obama aliyekuja kuwa rais wa Marekani, aliuchambua katika East Africa Journal. Alihoji kama kweli ulikuwa ujamaa, na kama hati miliki ya mtu mmoja mmoja ndiyo njia bora ya kumiliki ardhi.

Kwa Bonde la Ufa, sentensi ile ya waraka ilikuwa na uzito mkubwa. Mashamba ya Njoro na Molo, yenye mvua, reli na barabara, yalikuwa upande wa kunufaika. Baringo na Samburu zikabaki upande mwingine. Mbegu ya mizozo yetu ya leo imo katika uamuzi ule wa uwekezaji, na mwananchi wa kawaida hakuelezwa kwa lugha anayoielewa kwamba uamuzi huo unafanywa.

Februari 1975 mwanahabari Hilary Ng'weno alianzisha jarida la Weekly Review. Wiki chache baadaye aliuawa J. M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini aliyekuwa na shamba Gilgil, na ambaye siasa yake yote ilikuwa kuhoji pengo kati ya matajiri wachache na maskini wengi. Mwaka uliofuata, hapa Nakuru, mwanasiasa Kihika Kimani na wenzake walianzisha kampeni ya kubadili katiba ili makamu wa rais, Daniel arap Moi, asishike hatamu moja kwa moja rais akifariki. Mkuu wa Sheria Charles Njonjo aliizima kwa kuonya kwamba ni kosa kufikiria kifo cha rais. Wanahabari Joseph Karimi na Philip Ochieng waliandika kitabu kuhusu siasa hizo za urithi mwaka 1980.

Tazameni mkondo huo. Swali la Kariuki lilikuwa la mgawanyo wa mali, na lilizimwa pamoja naye. Swali la urithi wa urais likabaki, likajaza kurasa. Chama kimoja kilipowekwa katika katiba mwaka 1982, kuandika juu ya nani anamkaribia nani kulikuwa salama zaidi kuliko kuandika juu ya nani amegawiwa shamba gani. Mwaka 1989 gazeti la Nation lilipigwa marufuku kwa miezi kadhaa kuripoti Bunge. Mazoea yanayojengeka chini ya hofu hayafi siku hofu inapopungua. Naamini hapa ndipo safu zetu zilipojifunza kuandika siasa kama mchezo wa watu wakubwa.

4. Hesabu ya kura na gharama yake

Desemba 2, 2012, Uhuru Kenyatta na William Ruto walitangaza muungano wao hapa Nakuru. Miezi michache baadaye mchambuzi Mutahi Ngunyi, aliyewahi kuwa mwandishi wa safu, alitoa nadharia iliyopata umaarufu mkubwa: kwamba kwa kutazama daftari la wapiga kura lililofungwa Desemba, muungano huo ulikuwa umeshashinda kwa wingi wa watu wa jamii zake. Machi 2013 Uhuru alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.07.

Utabiri unaweza kutimia na bado ukaacha mjadala maskini. Nadharia ile ilimchukua mkulima wa Subukia na mfugaji wa Rongai ikawageuza tarakimu kwa kutazama majina yao. Haikuuliza wanadai nini. Iliwaambia walio nje ya muungano kwamba kura zao hazina maana, na ikawaambia walio ndani kwamba hawana haja ya kujadiliana na viongozi wao, kwa kuwa ushindi umo katika ukoo. Mpiga kura ambaye kura yake imekwisha kuhesabiwa kabla hajaipiga hana cha kudai. Hatapewa ahadi ya bei ya maziwa, wala hataulizwa kuhusu hati ya shamba alilolinunua babu yake kupitia kampuni ya ardhi.

Eneo letu linajua zaidi ya mengine gharama ya hesabu hiyo. Molo iliungua katika mapigano ya mwaka 1992. Njoro na sehemu za Laikipia zilimwaga damu mapema mwaka 1998. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Nakuru na Naivasha ziliingia katika maafa hayo Januari 2008, na uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukawa kambi ya wakimbizi wa ndani. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia hizo, iligusia mchango wa vituo vya redio za lugha za jamii katika kuchochea hisia. Mtangazaji mmoja, Joshua arap Sang, alishtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Majaji walisitisha kesi Aprili 2016 kwa kuwa ushahidi haukutosha. Jambo la mahakama liliishia hapo. Jambo la dhamira ya kila anayeshika kalamu au maikrofoni halijaisha.

Ndiyo maana, Machi 2016, mchumi David Ndii alipoilinganisha Kenya katika safu yake na ndoa ya mateso iliyofikia hatua ya kuzungumzia talaka, maneno hayo yalisomwa kwa namna mbili. Nairobi yalisomwa kama hoja kali ya kifikra, na hoja hiyo ilikuwa na msingi: jamii nyingi zilikuwa zimejiona zimeachwa nje ya dola. Lakini Kuresoi, ambako jirani wa jamii nyingine yuko ng'ambo ya ua, talaka ina maana ya nyumba fulani na ng'ombe fulani. Ninatetea haki yake ya kuandika. Ninachodai ni kwamba mwandishi apime uzito wa neno lake pale litakapotua, sawa na anavyoupima pale linapoandikwa.

5. Reli: mwandishi alipofanya hesabu

Ndii huyohuyo anatupa mfano bora wa upande wa pili. Wakati mradi wa reli ya kisasa ukisifiwa, yeye aliuliza maswali ya mchumi. Je, mizigo itakayobebwa itatosha kulipa mkopo? Je, kuikarabati reli ya zamani kusingegharimu kidogo zaidi? Alieleza alivyofikia majibu yake, na kila aliyetaka kumpinga alilazimika kuja na takwimu zake.

Reli ilijengwa. Sehemu ya Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017 kwa gharama ya takribani shilingi bilioni 327, sehemu kubwa ikiwa mkopo kutoka China. Oktoba 2019 ikaongezwa hadi upande wa Naivasha, ikaishia Suswa. Haikufika mji wa Nakuru, mji ambao wenyewe ulizaliwa na reli ya zamani mwaka 1900.

Wapo watakaosema kwamba safu hizo zilishindwa, maana mradi haukusimama. Mimi sikubaliani. Safu haina mamlaka ya kusimamisha treni. Kazi yake ni kuacha swali ambalo halitafutika. Leo mwenye duka Mai Mahiu anaweza kuuliza mzigo kiasi gani unapita hapo na deni linalipwa na nani. Swali hilo halikuwa la kawaida mwaka 2013. Limekuwa la kawaida kwa sababu kuna walioliandika wiki baada ya wiki.

Safari ya Ndii inatufunza jambo jingine. Mwaka 2017 alikuwa mwanamikakati wa upinzani, na Desemba mwaka huo alikamatwa na polisi Diani. Kufikia uchaguzi wa 2022 alikuwa miongoni mwa wabunifu wa sera ya uchumi ya muungano wa Kenya Kwanza, ile ya kuanzia chini kwenda juu. Januari 2023 akateuliwa mwenyekiti wa baraza la washauri wa uchumi wa rais, na tangu hapo ametetea sera za serikali. Kuvuka kutoka gazetini hadi serikalini si dhambi. Nchi inahitaji wanaojua uchumi wakae karibu na maamuzi. Lakini msomaji ana haki ya kujua ni lini mtu anaandika kama mchambuzi huru, lini kama mshauri wa chama, na lini kama mtumishi wa serikali. Hesabu ileile huhitaji macho tofauti kulingana na aliyeileta.

6. Viazi, pareto na mbolea: safu ambazo hazijaandikwa vya kutosha

Januari 2022 mikahawa ya KFC iliishiwa na chipsi nchini. Ilipojulikana kwamba viazi vyake viliagizwa kutoka nje, hasira ilizuka, kwa kuwa viazi vimejaa Molo, Mau Narok, Kinangop na Ol Kalou. Kampuni ilieleza kwamba wauzaji wake hukaguliwa ubora kwa utaratibu maalumu, kisha ikasema itatafuta wakulima wa humu nchini. Kwa siku chache viazi vikawa siasa ya kitaifa. Kisha safu zikarudi kwenye miungano ya vyama, na mkulima akabaki na tatizo lake la kila msimu, lumbesa, yaani gunia lililoshindiliwa kupita kipimo.

Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50. Tuchukue mfano rahisi. Mkulima wa Mau Narok anauza magunia 100 kwa bei ya gunia la kilo 50, lakini broka anayashindilia hadi kilo 80. Kila gunia limebeba kilo 30 zisizolipwa. Kwa magunia 100, ni kilo 3,000, yaani magunia 60 ya kisheria yaliyoondoka bure. Hesabu hiyo haihitaji shahada. Inahitaji mwandishi atakayeiweka katika ukurasa uleule unaosomwa na gavana, kisha aulize: kizuizi cha barabarani kinachokusanya ushuru wa mazao kwa kila gunia kinashindwaje kuona gunia lililozidi? Kaunti inapoteza mapato kiasi gani magunia 160 yanapolipiwa kama 100? Hapo tayari tumeingia katika siasa, na ni siasa yenye faida kwa mtu.

Pareto ni jeraha kubwa zaidi. Kwa miongo mingi sehemu kubwa ya pareto ya dunia ilitoka Kenya, na bodi ya zao hilo ilikuwa hapa Nakuru. Kisha wakulima wakaanza kukaa muda mrefu bila malipo, wakang'oa maua na kupanda viazi na mahindi. Kuanguka kwa zao zima ni habari ya kisiasa: kuna waliosimamia, kuna waliokopa, kuna walionyamaza. Lakini lilianguka polepole, bila mkutano wa hadhara na bila tamko, na safu zinazosubiri matamko hazikuliona.

Machi 2024 mfano tofauti ulitokea. Kikundi cha wanahabari wapekuzi cha Africa Uncensored kilifichua kwamba mbolea bandia ilikuwa imeingia katika mpango wa ruzuku, ambamo mkulima alinunua gunia kwa shilingi 2,500. Ilikuwa msimu wa kupanda. Mei, Bunge la Taifa lilipiga kura ya kumwondoa waziri wa kilimo, na kamati maalumu ikasema tuhuma hazikuthibitishwa. Angalieni mpangilio: upekuzi ulitangulia, maoni yakafuata, Bunge likalazimika kujibu. Safu ilipata nguvu kwa kuwa ilisimama juu ya ushahidi wa mtu aliyekwenda ghalani. Maoni bila upekuzi ni kama lumbesa yenyewe: yanaonekana mengi, na anayeyanunua hajui amebeba nini.

7. Nani anamlipa mwandishi?

Januari 2016 mhariri wa Daily Nation, Denis Galava, alisimamishwa kazi na baadaye kuachishwa baada ya tahariri ya mwaka mpya iliyomkosoa rais vikali. Machi 2018 waandishi wanane wa safu wa Nation Media Group walijiuzulu pamoja wakilalamikia kuingiliwa kwa uhuru wa uhariri. Miongoni mwao walikuwa Maina Kiai, George Kegoro, Kwamchetsi Makokha, Muthoni Wanyeki na Rasna Warah. Miezi miwili kabla, serikali ilikuwa imezima matangazo ya vituo vikubwa vya televisheni siku ya kiapo cha kiongozi wa upinzani wa wakati huo, Raila Odinga.

Matukio haya yana mzizi wa kiuchumi. Gazeti huishi kwa matangazo, na serikali ni mtangazaji mkubwa; kuchelewesha malipo yake kunatosha kumtisha mhariri bila kumpigia simu. Baadhi ya vyombo vikubwa vimehusishwa na familia za kisiasa. Mitandaoni, utafiti wa taasisi ya Mozilla wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kuna watu wanaolipwa kusukuma hoja na kuwachafua wanaharakati na majaji. Na mwandishi aliye Molo au Marigat analipwa kidogo kuliko wa Nairobi, hana wakili wa kampuni, na anayemwandika ni jirani yake.

Hatuwezi kudai ushujaa kutoka kwa mtu tuliyemwacha peke yake. Uhuru wa maoni, uliolindwa na vifungu vya 33 na 34 vya Katiba ya 2010, unahitaji pia mfuko, mkataba na chama cha kumtetea.

8. Juni 2024: wasomaji wametangulia

Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza, pamoja na mengine, ushuru wa asilimia 16 kwa mkate na asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Vijana waliusoma mswada wenyewe, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaueleza kwa video fupi. Maandamano yalifika Nakuru na miji mingine mingi. Damu ilimwagika, na vifo vile havipaswi kusahauliwa. Juni 26 rais alitangaza kwamba hatatia saini mswada uliotarajiwa kuleta takribani shilingi bilioni 346.

Naliona tukio hilo kama hukumu kwa safu zetu. Wakati wachambuzi wengi walikuwa wakitafuta kabila au mfadhili nyuma ya maandamano, vijana walikuwa wakitaja kifungu kwa nambari. Walifanya hesabu ya gunia: mkate, mafuta, nauli. Na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu, kijana wa Kaptembwo na kijana wa Bahati walisimama katika hoja moja bila kuulizana majina.

9. Mapendekezo

Kwanza, kila safu iambatane na tamko fupi la maslahi: mwandishi ni mwanachama wa chama gani, ameshauri nani, ana hisa au zabuni wapi. Tamko hilo lisasishwe mambo yanapobadilika.

Pili, mwandishi anayetoa dai la uchumi aonyeshe hatua za hesabu yake, ili mwenye kikokotoo cha simu aweze kuirudia. Maadili ya uanahabari nchini tayari yanataka habari, maoni na dhana vitenganishwe; tuyatekeleze.

Tatu, tutumie sheria. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi ndani ya siku 21. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti na za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ni za umma. Mwandishi wa siasa wa Nakuru asiyezisoma anaacha nusu ya kazi yake.

Nne, magazeti na redio zitenge nafasi ya kudumu, yenye malipo ya haki, kwa waandishi wanaoishi Molo, Gilgil, Eldama Ravine na Ol Kalou, na kwa Kiswahili. Marehemu Ken Walibora alionyesha katika Taifa Leo kwamba safu ya Kiswahili inaweza kubeba fikra nzito. Mjadala wa kodi unaofanyika kwa Kiingereza pekee humwacha nje anayelipa kodi hiyo katika soko la Wakulima.

Tano, haki ya kujibu iheshimiwe. Mkulima, afisa au kiongozi aliyetajwa apewe nafasi inayolingana.

Sita, mwandishi anayehesabu kura za jamii fulani alazimike kuandika pia jamii hiyo inadai nini. Idadi bila madai isichapishwe.

10. Hitimisho na hoja za mjadala

Uchaguzi mkuu wa Agosti 2027 unakaribia, na shinikizo la kurudi kwenye hesabu ya kura ni kubwa. Bonde la Ufa la Kati litatajwa kila siku kama ngome ya fulani au uwanja wa mapambano wa fulani. Hatuwezi kuzuia hilo. Tunaweza kuandika kwa wingi, kwa ukali na kwa ushahidi kuhusu maziwa, viazi, ardhi, maji, mishahara ya mashamba ya maua ya Naivasha na madeni ya kaunti, hadi mgombea ashindwe kupita Nakuru bila kuulizwa. Walowezi waliweza kuyafanya madai yao kuwa sera kwa sababu waliyaandika kwa hesabu. Sisi tuna wajibu wa kufanya vivyo hivyo kwa ajili ya watu wote wanaoishi huku, wakiwemo wale ambao hesabu ile ya kwanza iliwaacha nje.

Naomba kikao kijadili maswali matatu. Je, wahariri waliopo wako tayari kuanza kuchapisha tamko la maslahi kabla ya kampeni? Je, vyama vya wakulima na vyama vya akiba na mikopo vinaweza kugharamia safu ya uchumi bila kuidhibiti? Na je, vyuo vyetu, Egerton na Kabarak vikiwemo, vinaweza kumfundisha mwanafunzi wa uandishi kusoma bajeti ya kaunti kwa bidii ileile anayofundishwa kuandika kichwa cha habari?

Ninapendekeza kikao hiki kisifungwe kabla ya kila mwandishi aliyepo kuchagua zao moja au mradi mmoja wa eneo lake atakaoufuatilia kwa hesabu hadi siku ya kura.